Je, Wajua? Testa Ikiwaka, Waya Bado Waweza Kuwa Mbovu

Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi ya Pwani, blenda ya juisi inaweza kuwaka na kuzimika ilhali testa inawaka vizuri kwenye soketi. Sababu ni kwamba testa hula umeme kidogo mno. Hata skrubu iliyolegea huupitisha. Matatizo huanza mzigo mkubwa, yaani kifaa kinachovuta umeme mwingi, unapowashwa.

Birika la wati 2,300 kwenye volti 230 huvuta ampea 10. Kiungo cha waya kwenye skrubu kikiwa na ukinzani wa omu 1 tu, hupoteza karibu volti 10 na kuzalisha joto la takriban wati 100, sawa na balbu ile ya zamani, ndani ya kijiskrubu! Chuma hupata joto na kutanuka, kikipoa husinyaa, na kiungo huzidi kulegea. Ndiyo maana hitilafu huja na kutoweka. Karibu na bahari, kama Bagamoyo mjini, chumvi ya hewani huongeza kutu.

Soketi yenye joto, weusi au harufu ya plastiki kuungua isitumike tena. Zima swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni, naye apime volti mzigo ukiwa umewashwa.