Kushikwa, Kuanguka, Kutukutika: Majina ya Maradhi na Maana Zake

Mtu aangukapo ghafla, akakaza viungo, akatupa mikono na miguu na kutokwa na povu kinywani, walio karibu hawakosi jina la kuliita jambo hilo. Mmoja atasema "ameshikwa", mwingine "ameanguka", wa tatu "amepandwa". Na kama mgonjwa ni mtoto mwenye homa, neno litakalotajwa kwanza ni "degedege". Maneno hayo hutumiwa kana kwamba ni visawe. Kwa hakika kila moja limebeba fikira yake juu ya chanzo cha tukio, na mara nyingi jina lililochaguliwa ndilo linaloamua mgonjwa apelekwe wapi.

Fikira ya kushikwa ni ya kale sana. Wayunani waliuita ugonjwa huu epilepsia, jina lililotokana na kitenzi chenye maana ya kukamata. Waingereza nao huliita tukio lenyewe kwa neno lilelile watumialo ofisa wa forodha anapokamata shehena ya magendo, mahakama inapotwaa mali ya mdaiwa, au jeshi linaponyakua madaraka. Kiswahili hutenga mambo hayo: mhalifu hukamatwa, mali hutwaliwa, nchi hutekwa. Hata hivyo kitenzi "shika" kimefika karibu na upana huo, maana mtu hushikwa na polisi, hushikwa na homa, na pia hushikwa na pepo. Katika misemo yote mitatu yupo mshikaji anayetoka nje ya mtu, na hapo ndipo sayansi ilipotofautiana na lugha.

Mataifa mengine yaliangalia anguko. Jina la Kiarabu, sar', latokana na kitenzi cha kuangusha chini. Warumi waliuita ugonjwa wa mkutano, kwa kuwa mtu akianguka kwa maradhi hayo barazani, mkutano wa raia ulivunjwa siku hiyo. Kifafa, jina lililoenea katika Kiswahili, limejengwa kwa dalili zote juu ya mzizi wa kufa uliorudiwa, nalo lafaa kwa mtu anayeonekana kufa kisha akazinduka.

Kiasi cha mwaka 400 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja wa Kiyunani katika maandishi yaliyohifadhiwa kwa jina la Hippocrates alikana kwamba maradhi haya ni ya miungu kuliko maradhi mengine, akasema chanzo chake kimo katika ubongo. Ilichukua zaidi ya karne ishirini wazo hilo kupata umbo la kisayansi. Mwaka 1873 daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alieleza kwamba tukio hilo ni mfumuko wa ghafla wa nguvu katika ubongo. Mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger alinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu, akayatangaza mwaka 1929. Chembe hai za ubongo hupelekeana habari kwa umeme mdogo, kila kundi kwa zamu yake. Zamu hizo zikivurugika, chembe nyingi zikafyatuka kwa pamoja, mwili hutii amri hizo zisizo na mpango. Hakuna anayeshika, ubongo ndio unaojishika.

Jambo la pili la kutenganisha ni tukio na ugonjwa. Tukio moja si kifafa. Kwa maelezo yaliyokubaliwa na wataalamu mwaka 2014, kifafa huhesabiwa hasa pale matukio yasiyochochewa yanapofika mawili, yakiachana kwa zaidi ya saa 24, au likitokea moja na dalili zikaonyesha kwamba mengine yana uwezekano mkubwa wa kufuata. Kifafa cha mimba, licha ya jina lake, si kifafa hata kidogo: ni hatari inayoambatana na shinikizo la juu la damu kwa mjamzito, nayo hutaka hospitali bila kukawia. Kiharusi vilevile ni jambo jingine, yaani damu kukosa njia ubongoni au mshipa kupasuka humo. Ama "mshtuko", neno hilo limebebeshwa moyo, umeme na habari za msiba, hata limechoka.

Tena si kila tukio lina anguko. Mtoto aliye darasani aweza kukodoa macho kwa sekunde chache, asisikie, kisha akaendelea kuandika. Kwa kuwa hali hiyo haina jina linalojulikana na wengi, huitwa uzembe, na mtoto huadhibiwa. Huko Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wenyeji walikuwa na jina la watoto ambao vichwa vyao viliinama na kuinuka mara kwa mara: "amesinzia kichwa". Walichokitambua kwa macho kilikuja kuchunguzwa baadaye na watafiti, ambao wamehusisha wingi wa kifafa katika eneo hilo na minyoo ya usubi, ile ile iletayo upofu.

Jina lenye hatari kubwa zaidi ni degedege. Asili yake ni dege, ndege mkubwa. Kamusi za zamani zataja pia nondo aliyeogopwa kwa ajili ya watoto wachanga. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kutangazwa mwaka 1996 uliwakuta wazazi wakieleza kwamba pepo mwenye umbo la ndege humpitishia mtoto kivuli chake usiku wa mbalamwezi. Anayeamini hivyo ana sababu ya kumwendea mganga wa jadi kwanza, na wako walioamini kwamba sindano humwua mtoto mwenye degedege. Kumbe mtoto huyo aweza kuwa na malaria iliyopanda ubongoni, ambayo huua kwa saa, si kwa siku. Kwa upande mwingine, watoto wengi wa miezi sita hadi miaka mitano hutukutika kwa sababu ya homa tu, nao hupona kabisa. Jina moja limefunika yote mawili, na mama hawezi kuyatofautisha kwa macho. Kipimo cha damu chaweza.

Walio karibu na mgonjwa wamlaze ubavu, waondoe moto na vitu vikali, wasimkandamize wala kumtia kijiko kinywani. Povu ni mate tu, haliambukizi. Hofu ya povu imewaacha wengi waungue motoni mbele ya watu. Tukio likipita dakika tano, au likirudia kabla fahamu hazijarejea, apelekwe hospitali mara moja. Huko zahanati, kusema "alishikwa" au "alipandwa" hakumsaidii sana daktari. Aelezwe kiungo kilichoanza kutikisika, upande wa mwili, macho yalielekea wapi, kama mwili ulikuwa wa moto, na dakika zilizopita mpaka mgonjwa akamtambua aliyemwita.