Mbayuwayu wa Buluu Anataka Nyasi

Mvua zikishashika mwezi Novemba, Uwanda wa Kitulo, takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huchanua maua hadi watu wakauita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na wageni wengi huifuata kwa maua hayo. Vikundi vinavyopanda kutoka Makambako kupitia Njombe na Makete navishauri vibebe na darubini, maana msimu huo ndio mbayuwayu wa buluu anazaa.

Ndege huyu hupitisha miezi ya baridi ya kusini kwenye nyasi za Uganda na Kenya karibu na Ziwa Victoria, kisha hurudi kusini kuzaa. Dume ana manyoya mawili ya mkiani marefu na membamba kama uzi. Kukiwa na mawingu, wengi humdhania mbayuwayu mweusi wa kawaida. Msiharakishe kumtaja, subirini ageuke juani, mgongo ung'ae.

Na msimtafute mitini. Hujenga ardhini, mara nyingi ndani ya shimo lililochimbwa na muhanga. Hubandika udongo uliochanganywa na nyasi kwenye ukuta wa shimo, karibu na dari, ndani akatandika manyoya laini. Hutaga mayai mawili au matatu. Kwa hiyo kikundi kikisimama mdomoni mwa shimo kupiga picha, mzazi huzunguka juu akiwa na wadudu mdomoni asiweze kuingia, na makinda yanakaa na njaa. Kaeni mbali, msiongee kwa sauti, tumieni darubini.

Mkiwa hapo mtamwona pia tandawala akitembea taratibu majanini. Yupo pia ndege mdogo wa kahawia ambaye jina lake la kisayansi ni Cisticola njombe, alilopewa na Hubert Lynes mwaka 1933. Mkoa wetu umo katika vitabu vya ndege vya dunia nzima, na ni wanafunzi wachache wa Njombe wanaolijua hilo. Inaniuma.

Tumezoea kuamini kwamba kupanda miti siku zote ni kutunza mazingira. Kwa mbayuwayu huyu si kweli. Yeye huwinda akiruka chinichini juu ya nyasi na vijito. Nyasi zikigeuka shamba la paini, miwati au chai, amekosa chakula na mahali pa kuzalia. Ndiyo maana yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Silaumu mkulima anayesomesha watoto kwa mbao. Ila namwomba, kabla ya kupanda miche ya msimu huu, akague bonde lake. Penye kijito, nyasi za asili na mashimo ya muhanga, aziache nyasi zibaki.