Fyonza na nasa

Sifongo hufyonza maji: maji huingia na kuenea mwilini mwake. Katika mitambo ya kuchenjulia dhahabu Mwanza na Geita hali ni nyingine. Dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi hushika kwenye kuta za vitundu vya kaboni, nayo huweza kuondolewa hapo baadaye. Hapo kitenzi kifaacho ni nasa. Asemaye “kaboni imefyonza dhahabu” hatachekwa mtamboni, lakini mwanafunzi wa kemia atapotoshwa.

Mfasiri huihitaji zaidi tofauti hii anapokutana na polima zing'aazo zinazotambua na kunasa ioni za madini adimu, mfano wa madini ya Ngualla mkoani Songwe. (Neno “adimu” nalo lina walakini, kwani seriamu, mojawapo ya madini hayo, imo katika gamba la dunia kwa kiasi kinachokaribiana na cha shaba.) Polima hiyo huundwa kuizunguka ioni, ioni ikiondolewa, hubaki tundu la kimo chake. Kwa hiyo napendekeza polima ya kalibu, kwa neno la masonara. Mvuvi wa Ziwa Viktoria anajua kwamba macho ya wavu wa sangara hayamshiki dagaa. Tundu la polima huchagua hata zaidi, maana ndani yake mna atomi zinazoikamata ioni ile. Ioni ikinaswa, mng'ao wa polima chini ya urujuanimno huongezeka au hufifia.

Nomino yake ni unasaji: “unasaji wa ioni za seriamu”.