Ukipenda, Fumba Macho

Mitandaoni wamejaa walimu wa chakra ya mzizi, kimojawapo cha vituo vya nguvu ambavyo yoga husema vimo mwilini. Wanasema iko chini kabisa ya uti wa mgongo, ndiko hofu zako zote zilikojificha, na ukiifungua, kiwewe kwisha, nguvu zako zinarudi. Wengine wana hata jiwe jekundu la kukuuzia.

Wenyewe Wahindi hawakuifundisha hivyo. Purnananda wa Bengal, aliyeandika mwaka 1577, anaieleza muladhara, yaani chakra hiyo ya mzizi, kuwa ua la yungiyungi lenye petali nne nyekundu, katikati mraba wa njano ambao ndio ardhi. Hapo imelala kundalini, nguvu iliyojiviringisha kama nyoka, na mwanafunzi huiamsha ipande hadi utosini. Ni ibada, tena ya kuongozwa na guru. Habari za majeraha ya utotoni ziliongezwa baadaye sana, hasa Marekani, na waandishi kama Anodea Judith, aliyetoa kitabu chake Wheels of Life mwaka 1987.

Sisemi tuitupe yoga. Mwaka 2014 daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake wa Boston walitoa utafiti wa wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa sugu, matibabu ya miaka hayajakiondoa. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki, wiki 10. La pili lilipewa masomo ya afya. Mwishoni, 16 kati ya 31 waliomaliza yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Ni utafiti mdogo, na darasa lile halikuwa la kufungua chakra.

Lilikuwa la nini basi? Katika yoga ya aina hii mwalimu hamgusi mtu, wala haamrishi. Husema: ukipenda, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Ukipenda, inua kisigino cha kulia, usikie uzito unahamia wapi. Fumba macho au yaache wazi, ni wewe. Kwa asiyeumizwa ni mchezo wa watoto. Lakini aliyebakwa mwili wake uliamuliwa na mwingine, na leo kisigino kikiinuka ni kwa sababu yeye ametaka. Asipotaka, kinabaki chini na hakuna wa kumuuliza.

Ndiyo maana naiogopa mula bandha, zoezi la kubana misuli ya sakafu ya nyonga ambalo walimu wengi wa mzizi hulikimbilia. Kumwambia aliyedhulumiwa afumbe macho, abane pumzi, abane na huko, kunaweza kumrudisha palepale. Ikitokea, afumbue macho, autazame mlango, ataje kwa sauti anavyoviona chumbani, akandamize nyayo sakafuni.

Na aliyebakwa jana, mkeka wa yoga usubiri. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Aende hospitali, au, kwa walioko Tanzania, kituo cha Mkono kwa Mkono cha waliofanyiwa ukatili. Yoga itakuja baadaye, sambamba na mshauri nasaha.

Kabla hujalipa ada, muulize mwalimu: nikikataa zoezi katikati ya darasa, utafanyaje? Akianza kukueleza kwamba kukataa ndiyo dalili ya chakra iliyoziba, chukua viatu vyako.