Titi moja limeshuka, jingine bado liko juu: la kusubiri na la kukimbilia hospitali baada ya kuongezewa matiti



Mada ya leo najua wengine wataguna. Kuongeza matiti ni jambo ambalo kwetu halizungumzwi mbele za watu, na akina dada wengi wanaofanya hapa Uingereza, au wanaopanda ndege kwenda Istanbul, hawamwambii hata ndugu wa tumbo moja. Kila mtu na mwili wake. Mimi ni muuguzi, si shehe wala mchungaji, na sikuja hapa kuhukumu. Ninachokiogopa ni ile siri. Mtu akificha anakosa wa kumuuliza, na swali linalowasumbua wengi wiki za mwanzo ni lile lile: mbona upande mmoja uko hivi na mwingine vile? Wapo wanaolia bure kwa jambo litakalojirekebisha lenyewe, na wapo wanaonyamaza na jambo la kukimbizwa hospitali usiku uleule.

Kwanza tuelewane kwamba hakuna mwanamke ambaye matiti yake yanalingana sawasawa hata kabla ya kisu. Moja huwa kubwa kidogo, chuchu moja iko chini kidogo, au mbavu za upande mmoja zimejitokeza zaidi. Daktari mzuri wa upasuaji hukupima na kukupiga picha kabla, na kukuonyesha tofauti hizo, kwa sababu ukiweka kipandikizi, yaani kile kifuko cha silikoni, tofauti iliyokuwa ndogo huweza kuonekana zaidi. Kama ulipigwa picha, omba nakala. Mara nyingine utakuta hicho unachokilaumu ulizaliwa nacho.

Kipandikizi huwekwa nyuma ya titi, ama juu ya msuli wa kifua ama chini yake. Kikiwa chini ya msuli, ule msuli umenyooshwa ghafla, nao hukaza na kukisukuma kipandikizi juu. Ndiyo maana siku za mwanzo titi huonekana gumu, limejaa juu na bapa chini, na mwenyewe anajiangalia kwenye kioo akajuta. Taratibu msuli hulegea, ngozi ya chini hutanuka, na kipandikizi hushuka mahali pake. Kazi hiyo haiishi kwa wiki moja. Mabadiliko makubwa huonekana ndani ya miezi 3 ya kwanza, na umbo lenyewe halihesabiwi kabla ya miezi 6, kwa wengine zaidi. Na pande mbili haziendi pamoja! Upande wa mkono unaoutumia zaidi una msuli wenye nguvu, na unaweza kuchelewa kushuka. Uvimbe nao unaweza kupungua upande mmoja kabla ya mwingine. Kwa hiyo wiki ya 3 au ya 5 moja kuwa juu na jingine chini, pasipo homa wala maumivu yanayoongezeka, ni jambo la kawaida.

Vilevile usishtuke ukisikia ganzi, au maumivu ya ghafla kama shoti ya umeme, hiyo ni mishipa ya fahamu inaamka. Wengine husikia sauti ya maji yakicheza ndani wakigeuka kitandani. Ni hewa na majimaji yaliyobaki baada ya upasuaji, mwili huyanyonya yenyewe.

Ushauri wangu ni kujipiga picha mara moja kwa wiki, mahali pamoja, mwanga uleule, mikono chini. Ukijiangalia kila saa utaona mambo ambayo hayapo. Ukiangalia wiki kwa wiki utaona linaloshuka kweli na lisiloshuka.

Sasa kuhusu kazi. Karatasi za kliniki husema unaweza kurudi kazini baada ya wiki moja au mbili, lakini aliyeandika anamfikiria mtu wa kukaa ofisini. Wengi wetu hapa tunainua wazee kwenye nyumba za kulelea, tunasafisha maofisi alfajiri, tunasuka nywele. Kwa kazi ya kuinua hesabu kama wiki 6, na umweleze daktari wako kazi yako halisi, usione haya. Kusuka kwa saa 5 mikono ikiwa juu ni kazi nzito ya msuli wa kifua, hata kama umekaa kwenye kiti. Na kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga hapana kabisa, kwa sababu fundo linakaa na kubana hasa pale pale.

Hapa niseme na mama zetu na mashangazi, maana akishagundua mgonjwa yuko ndani, mama lazima achemshe maji. Kukanda kwa maji ya moto tunakukumbuka kwa uzazi, lakini hapa kunadhuru. Ngozi ya titi ina ganzi, mgonjwa hasikii moto, anaungua bila kujua. Joto huongeza uvimbe na huweza kuchochea damu kutoka, na taulo lenye maji huleta vijidudu kwenye mshono. Chupa ya maji ya moto pia hapana. Mafuta ya habasoda, liwa, asali, vyote vikae mbali mpaka mshono ufunge kabisa na daktari aseme sawa. Kuchua nako kusifanywe kwa kuiga rafiki. Kuna vipandikizi ambavyo daktari huagiza vichuliwe na vingine ambavyo havitakiwi kuguswa.

Sasa yasiyo ya kusubiri. Titi moja likivimba ghafla, likawa gumu, limekaza na linauma kuliko jingine, hasa siku ya kwanza au ya pili, huenda damu inavujia ndani. Hilo ni la hospitali saa hiyo hiyo, na wala usile wala kunywa kitu njiani kwa sababu unaweza kurudishwa chumba cha upasuaji. Baada ya hapo angalia dalili za maambukizi: homa, kutetemeka, usaha, harufu, mshono kuachia, upande mmoja kuwa na joto.

Kuhusu wekundu niongeze neno. Vitabu vyetu vya uuguzi, nyumbani na huku, vilituonyesha maambukizi kwenye ngozi nyeupe, na karatasi unayopewa kliniki bado itakwambia uangalie wekundu. Dada mweusi atasubiri wekundu huo asiuone. Kwenye ngozi yetu tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, inayong'aa, iliyokaza. Weka mgongo wa mkono wako upande mmoja kisha mwingine, ulinganishe joto. Ukizungumza na muuguzi kwa simu akakuuliza kama pamekuwa pekundu, usiseme "hapana" ukanyamaza. Mwambie ngozi yako ni nyeusi, na panachemka.

Kwa waliosafiri: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata, piga 999. Damu inaweza kuganda mguuni na kwenda kwenye mapafu, na upasuaji ukifuatwa na safari ya ndege huongeza hatari hiyo.

Kwa mengine piga simu kliniki uliyofanyiwa. Wasipopatikana, piga 111, au nenda A&E kama hali ni mbaya. Najua kuna wanaoogopa kwa sababu ya makaratasi. Hapa England huduma inayotolewa ndani ya A&E ni bure kwa kila mtu, na kujiandikisha kwa GP hakuhitaji kuonyesha viza. Ukilazwa wodini, asiye na haki ya matibabu ya bure anaweza kudaiwa baadaye, lakini matibabu ya dharura hayatakiwi kucheleweshwa kwa ajili ya pesa. NHS itatibu maambukizi na damu, na ikilazimu itakitoa kipandikizi. Kwa kawaida haitakuwekea kingine wala kukulinganishia umbo, hilo ni la kwako na kliniki yako.

Baada ya miezi 6 tofauti iliyobaki ina sababu nyingine. Titi likianza kuwa gumu, la mviringo kama mpira na kupanda juu, pengine na maumivu, mara nyingi ni lile kovu ambalo mwili hulijenga kuzunguka kipandikizi limejikaza. Linaweza kutokea hata miaka mingi baadaye. Kikishuka kupita mstari wa chini ya titi mpaka chuchu ikaangalia juu, nyama za chini zimeshindwa kukishikilia, na hakitapanda chenyewe. Na titi likivimba upande mmoja miaka baadaye, usipuuze. Ipo saratani adimu ya tezi inayohusishwa zaidi na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, na kwa ajili hiyo kampuni ya Allergan iliviondoa vya kwake duniani kote Julai 2019. Ultrasaundi na kupima majimaji hutoa jibu.

Kovu la nje nalo lina muda wake, mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu. Ngozi zetu huota makovu manene kwa urahisi zaidi, na huenda likaota upande mmoja tu. Kama una keloidi sikioni au begani, mwambie daktari kabla hajakata. Likianza kunenepa na kuwasha, kuna karatasi za silikoni na sindano, na zinasaidia zaidi zikianza mapema.

Mwisho, tunza kadi ya vipandikizi vyako, yenye jina la kampuni na namba. Mwaka 2010 ilipogundulika kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilitumia silikoni ya viwandani, wanawake wapatao 47,000 hapa Uingereza walikuwa na vipandikizi hivyo, na wapo ambao hawakujua wamewekewa vya nani. Tangu 2016 England ina daftari la taifa la vipandikizi, lakini halina habari za aliyefanyiwa Uturuki. Mpe GP wako nakala.

Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, ukipiga simu kwa GP sema tu "Swahili interpreter". Ni haki yako, hulipii, na mkalimani huyo anatakiwa kutunza siri. Usimpeleke mwanao wa shule akutafsirie.