Mtoto Akichomwa na Kitu Shingoni, Usikichomoe



Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (s.a.w.) alimuamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Sisi wa Kigoma na Ujiji nasi tuna ncha zetu: visu vya samaki mialoni Kibirizi na Katonga, miba ya makuti ya mchikichi, njiti za mishikaki. Mtoto hukimbia nacho kimojawapo, akajikwaa, kikamwingia shingoni.

Shingo imebeba njia ya hewa, njia ya chakula, mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo, na uti wa mgongo. Kwa mtoto vyote hivi vimebanana mahali padogo. Kwa hiyo hata tundu dogo, lisilotoa damu nyingi, laweza kuficha jeraha kubwa ndani.

Likitokea hilo, fanya haya:

1. Kitu kilichonasa usikichomoe. Huenda ndicho kinachoziba mshipa uliotoboka. Kizuie kisitikisike.

2. Damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Kama kitu kimenasa, gandamiza pembeni mwake. Usibane pande zote mbili za shingo, wala usiizungushie kitambaa, utamziba pumzi.

3. Usichokonoe jeraha, wala usitie majivu, mafuta ya taa au dawa ya majani.

4. Usimpe chakula wala maji, kwani huenda akahitaji upasuaji.

5. Akipumua vizuri mlaze. Akihangaika kupumua, mwache akae anavyopata nafuu.

Kisha mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheka na kuongea. Kwa waliopo mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kwa wa vijiji vya mwambao wanaotegemea boti, msingoje kuche. Waelezeni waganga kilichomchoma na saa aliyoumia, na kama amepata chanjo ya pepopunda.

Hatari ni kubwa zaidi sauti ikikauka, shingo ikivimba, jeraha likitoa mapovu, akitema damu, akishindwa kumeza, au mkono au mguu ukilegea.

Kumsomea dua ni jambo jema, lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu. Na leo kabla ya Magharibi, kila mzazi aangalie kisu cha nyumbani kwake kimewekwa wapi.

Wabillahi Tawfiq.