Dirisha la Kaskazini

Vitabu vingi vya mimea ya nyumbani vimeandikwa Ulaya, na ushauri wake ni mmoja: mmea unaopenda jua uwekwe kwenye dirisha la kusini. Ukiufuata Lubumbashi, umeupeleka mmea kivulini. Jiji letu liko kusini mwa ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi 11, hivyo jua la Juni hupita upande wa kaskazini na kuingia kwa dirisha la huko. Kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Februari, jua la adhuhuri huvuka utosi na kuegemea kusini kidogo, lakini hubaki juu sana. Wakati huo dirisha la mashariki, lenye jua la asubuhi, ndilo bora.

Kabla ya kuchagua mahali, utambue mmea. Alovera ina meno madogo ukingoni mwa jani, ute angavu usio na rangi ndani, na utomvu wa manjano chini ya ganda. Sanseveria, ambayo kwao ni Afrika Magharibi hadi Kongo, husimamisha majani marefu yenye mistari; huvumilia hata pembe ya chumba. Krasula ya Afrika Kusini ina majani manene ya mviringo. Baadhi ya kalankoe za Madagaska huotesha vitoto ukingoni mwa jani.

Wengi huita kaktasi kila mmea wenye miiba. Miiba ya kaktasi hutoka kwenye kivimbe kidogo chenye manyoya, na karibu kaktasi zote asili yake ni Amerika. Miti ya porini kwetu inayofanana nazo ni jamaa ya mnyaa: ukiikata hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo huunguza ngozi na kuumiza macho, basi usiiweke watoto wanapofikia.

Mingi ya mimea hii hufungua vinyweleo vya majani usiku, jua lisije likaikausha. Kwa hiyo hunywa polepole, na adui yake mkubwa ni maji yaliyotuama. Udongo wetu mwekundu hushikana, na ule wa kichuguu, unaofaa kufyatulia matofali, una mfinyanzi mwingi zaidi. Changanya sehemu moja ya udongo na sehemu moja ya mchanga wa chembe kubwa, uongeze vipande vya makaa. Chombo lazima kiwe na tundu chini.

Novemba hadi Machi hewa ina unyevu: chomeka kijiti, na kikitoka na udongo mbichi, usimwagilie. Juni na Julai ni kukavu lakini usiku ni baridi na mmea umepumzika. Maji kidogo yatosha, ila futa vumbi majanini. Septemba na Oktoba, joto likipanda, ndipo mmea unywe vizuri.

Jani lililokunjamana lina kiu. Jani laini, la manjano, linalopitisha mwanga limelewa maji. Shina linalorefuka na kukonda linatafuta jua. Usogeze mmea dirishani hatua kwa hatua, usiungue. Shina likioza chini, kata juu ya palipooza, acha kidonda kikauke kivulini siku kadhaa, kisha lipande upya kwenye mchanganyiko mkavu.